Kisasili si mtihani

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o afariki tarehe 28 Mei 2025, vitabu vyake vimerudi mikononi mwa watu hapa Subukia, katika Bonde la Ufa. Naviona kwenye matatu za kwenda Nakuru, kwenye foleni ya zahanati, juu ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. Kimoja kinanishughulisha kuliko vingine vyote: Kenda Mũiyũru, pamoja na nduguye wa Kiingereza, The Perfect Nine. Karibu kila nakala niliyoiona imewekwa alama mahali pale pale, kwenye kurasa za mwanzo ambapo majina yanamiminika. Alama yenyewe huwa tiketi, kipande cha gazeti au kona ya ukurasa iliyokunjwa. Muulize mwenye kitabu, naye atakujibu kama mwenzake wa jana. Kitabu ni kizuri, ila ni kizito. Atakimaliza siku atakayopata nafasi ya kutulia na kalamu.

Kalamu ya nini?

Nasema mapema ninachokiamini. Kitabu cha visasili, yaani cha hadithi za asili ya watu na ulimwengu, ni mali ya msomaji wa kawaida, yule anayesoma kwa raha, anaruka asichokielewa na kukirudia akitaka. Akikiacha kwa kudhani kwamba elimu yake haitoshi, kitabu hakibaki yatima. Kitachukuliwa na watu wawili: mtahini, ambaye atakikatakata kiwe maswali, na mwanasiasa, ambaye atachomoa jina moja alipandishe jukwaani. Sisi wa bonde hili tumewalipa wote wawili, na tumelipa ghali.

Hadithi yenyewe

Asili ya kitabu hiki ni hadithi ambayo watu wazima wengi hapa waliisikia utotoni, hata kama ni nusu yake. Gikuyu anapandishwa mlimani Kirinyaga na Mungu, anaonyeshwa nchi, anaelekezwa mahali penye miti mikubwa, Mukurwe wa Nyagathanga, katika Murang'a ya leo. Huko anampata Mumbi. Wanazaa mabinti tisa, ambao majina yao ndiyo yaliyozaa koo za Wakikuyu. Mabinti wanakomaa na waume hawapo. Kama alivyoisimulia Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, Gikuyu anatoa sadaka chini ya mti mkubwa, na baadaye vijana tisa wanatokea.

Ngũgĩ aliipokea hadithi hiyo akaipanua. Kwake hawaji vijana tisa bali tisini na tisa, kutoka pande zote, wakivutwa na sifa za uzuri wa mabinti hao. Na mabinti si tisa tu. Yupo wa kumi, Warigia, ambaye miguu yake haimbebi. Ili apone, unatakiwa unywele wa tiba unaoota kwenye ulimi wa zimwi, mbali sana, na mabinti wanafunga safari pamoja na wachumba wao kuutafuta. Njiani kuna mazimwi, kiu, hofu na usaliti. Wachumba wanapungua. Wengine wanakata tamaa, wengine wanakufa. Yote hayo yameandikwa kwa mistari ya kishairi, si kwa nathari.

Kazi hiyo ilitoka kwa Kikuyu mwaka 2018, na tafsiri ya Kiingereza, aliyoifanya Ngũgĩ mwenyewe, ikafuata mwaka 2020. Mwaka 2021 iliingia katika orodha ndefu ya Tuzo ya Kimataifa ya Booker, ikiwa kazi ya kwanza iliyoandikwa kwa lugha ya asili ya Kiafrika kufika hapo. Habari hiyo ilitutia fahari, lakini nadhani pia ilitutisha. Kitabu kilichosifiwa na majaji wa London kikaonekana kuwa cha maprofesa. Muuza maziwa wa Subukia akakiweka juu ya kabati pamoja na vyeti.

Hapo ndipo pananiuma. Kati ya wasomaji wote duniani, hakuna aliye karibu na kitabu hiki kuliko yule muuza maziwa. Tazama majina ya mabinti. Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangui, Nyambura, Wairimu, Wangari: msomaji wa Ulaya lazima ahangaike nayo kama majina ya sayari mpya. Hapa kwetu, ita mojawapo sokoni siku ya soko uone vichwa vingapi vitageuka.

Watoto wa sinema

Vijana nao wana kitabu chao kizito. Wapo wengi Nakuru na hata huku kwetu waliozipenda filamu za The Lord of the Rings, zile tatu za mwaka 2001 hadi 2003, wakaziona tena na tena kwenye laptopu na simu, kisha wakafuata mfululizo wa televisheni ulioanza 2022. Wenye hamu zaidi wanakitafuta The Silmarillion, kitabu cha J.R.R. Tolkien kinachoeleza jinsi ulimwengu ule ulivyoumbwa. Wanatarajia mbio na mapanga. Wanapokelewa na Mungu mmoja aliyewaumba waimbaji, na wimbo wao ndio unaozaa dunia. Mmoja wao, Melkor, anauharibu wimbo kwa kiburi chake, na uharibifu huo unaingia katika kila kitakachofuata. Kisha wanakuja akina Finwë, Fingolfin, Finarfin, Fingon na Finrod, baba, wana na wajukuu wa ukoo mmoja, na kijana wa watu anakifunga kitabu.

Nampa pole, ila simwoni kuwa ameshindwa. Tolkien mwenyewe, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alianza kuziandika hadithi hizo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiugulia homa aliyotoka nayo kwenye mahandaki ya Ufaransa. Aliziandika, akazifuta, akaziandika upya maisha yake yote. Alifariki mwaka 1973 bila kuzikamilisha, na mwanawe Christopher ndiye aliyezikusanya na kuzichapisha mwaka 1977. Ikiwa mtunzi alikaa na hadithi hizo zaidi ya nusu karne bila kuzimaliza, nani amemwambia kijana wa Subukia kwamba lazima azimalize wakati wa likizo, na kwa mpangilio?

Uzito huu hauko Ulaya na Murang'a pekee. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kuifungua Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, anajua kwamba hata kitabu chembamba kinaweza kuwa msitu. Wengi wamekitupa kwa hasira wakidhani mwandishi anawadharau. Nakipenda kitabu kile, na ninaowajua walioishia kukipenda ni wale waliokubali kutembea gizani kwa kurasa kadhaa bila kudai taa.

Tulivyofundishwa kusoma

Hofu hii ya vitabu vizito ilitoka wapi? Ninavyoona, ilitoka darasani. Mkenya wa kawaida alikutana na riwaya kama kitabu teule. Kabla hajaijua hadithi, alishaambiwa atafute maudhui, dhamira, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, na umuhimu wa kila mhusika. Wengi hawakukisoma kitabu chenyewe. Walisoma mwongozo. Mzazi anauza debe la mahindi ili mtoto anunue kitabu teule, kisha anauza jingine anunue mwongozo wa kitabu hicho hicho, na mtihani ukiisha vyote viwili vinapewa mdogo wake au vinafungia maandazi. Nyumba inabaki na Biblia, kalenda ya chama cha akiba na mikopo, na watu wazima wanaoamini kwamba kusoma ni kuulizwa maswali.

Siwalaumu walimu. Wanajua wanachopimwa nacho, na darasa la wanafunzi sitini haliendeshwi kwa hadithi za jioni. Ninachosema ni kwamba mazoea hayo yakipelekwa kwenye kisasili yanakiua. Mtahiniwa akiona majina kumi kwenye ukurasa anahisi ni lazima ayakariri yote, maana lolote linaweza kuulizwa. Msikilizaji wa hadithi hakuwa hivyo kamwe. Nani aliyekaa kando ya moto kwa nyanya yake akasema, ngoja kwanza niandike?

Kuingia katika kitabu cha asili ni kama kufika kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya ukoo usioujua. Utasalimiwa na wazee ishirini na hutashika hata jina moja. Hakuna atakayekufukuza. Utakaa, utakula, utasikiliza, na jioni itakapofika utakuwa umeshajua nani shangazi mwenye maneno, nani baba mdogo asiyekunywa, na nani anayemlilia nani. Majina yanakuja yakiwa yamebebwa na matendo. Fingolfin ni jina tu mpaka siku anapopanda farasi peke yake kwenda kumpigia adui hodi. Ukisoma hapo, hutamsahau wala hutamchanganya tena na nduguze.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Naiheshimu methali hiyo mahali pengine, lakini kwenye mlango wa vitabu imefanya madhara. Imewafanya watu wenye akili timamu waone haya kuuliza, na wanaoona haya kuuliza hatimaye huacha kusoma.

Jikoni, si maktabani

Kuna nyumba moja, njia ya kupandia kwenye ukingo wa bonde, ambako nimeshuhudia kitabu cha Ngũgĩ kikisomwa inavyostahili. Mjukuu wa kidato cha pili anasoma, nyanya anachambua maharagwe kwenye ungo, na sufuria ya githeri iko motoni tangu alasiri. Msichana anasoma Kiingereza kwa sababu Kikuyu anakiongea lakini kukisoma kunampa taabu, zile irabu zenye vialama juu zinamkwaza. Anasoma mistari michache, kisha anaeleza kwa Kikuyu kilichochanganyika na Kiswahili. Nyanya anamkatiza.

"Hapana, nyanya yangu hakusema hivyo. Wachumba walikuwa tisa."

"Hapa wameandika tisini na tisa, cucu."

"Basi huyo mwandishi alikuwa na ng'ombe wengi wa kuwachinjia. Endelea."

Msichana akaendelea. Walipofika kwa Warigia, maharagwe yakasimama. Nyanya akaanza kueleza habari za dada yake aliyepooza akiwa mtoto, enzi za mashamba ya wazungu, ambaye alikuwa akibebwa mgongoni kwenda kila mahali na akafariki kabla ya Uhuru. Mjukuu hakuwa amewahi kusikia kwamba mtu huyo aliishi. Jina la marehemu ndilo jina la pili la mama yake.

Ni mtihani gani ungeliuliza hilo? Hakuna aliyeandika chochote jikoni pale, wala hawakuzidi kurasa nne au tano. Lakini kitabu kilifanya kazi ambayo kiliandikiwa. Mistari yake ni mifupi kwa sababu imetungwa ili isomwe kwa sauti, mtu apumue, aliyeketi kando apate upenyo wa kudakia. Ukiisoma kimya kimya na kalamu mkononi umeifunga mdomo.

Tena tazama gharama yake. Nakala moja huhudumia nyumba nzima, kisha inakwenda kwa jirani. Dakika kumi za jioni kabla ya taarifa ya habari zinatosha. Kinachotakiwa zaidi ni nyanya au babu aliye hai, na hao tunawazika kila Ijumaa.

Mababu waliotoka kwingine

Sasa nije kwa yule mtu wa pili, mwenye jukwaa.

Neno nyumba ya Mumbi, yaani Wakikuyu wote, limepigiwa kelele katika mikutano ya siasa kuliko lilivyosomwa vitabuni. Linatumika kuwakusanya watu upande mmoja na kuwaonyesha upande wa pili kuwa ni wageni. Wenzetu wa jamii nyingine nao wana maneno yao ya namna hiyo, yenye mizizi katika hadithi za mababu zao. Katika Bonde la Ufa maneno hayo hayakuishia kwenye vipaza sauti. Kaunti ya Nakuru inayajua mapigano ya 1992, na inazijua vizuri zaidi ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008, nyumba zilipochomwa na watu kulala kwenye mahema ya Nakuru Showground. Kila aliyefukuzwa aliambiwa arudi kwao.

Sasa chukua hadithi, uisome yote. Mababu wa koo zote za Wakikuyu kwa upande wa kiume ni akina nani? Ni wageni. Katika masimulizi ya Kenyatta wanatokea baada ya sadaka, bila ukoo wala historia. Kwa Ngũgĩ wanatoka kila pembe. Sharti walilopewa katika masimulizi ya zamani ni wakubali kuishi katika boma la wakwe zao, chini ya utawala wa wanawake, na koo zikachukua majina ya mabinti. Hata wanaume walipokuja kuupindua utawala ule, majina ya koo hayakubadilika: Anjiru, Ambui, Angari mpaka leo. Kwa hiyo anayepanda jukwaani kwa jina la Mumbi kuhubiri kwamba mgeni hana haki hapa, anamtukana babu yake mwenyewe. Mwananchi aliyesoma kisasili chote atamkamata papo hapo. Aliyeishia kwenye kurasa za mwanzo hataweza, maana kurasa hizo zina mlima na nchi tuliyopewa, na wachumba bado hawajafika.

Nenda kwa Waturkana, ambao pia tunaishi nao hapa. Hadithi yao inamtaja Nayece, mwanamke aliyetoka kwa Wajie, katika Karamoja ya Uganda, akavuka kuja kuishi kando ya mto Tarash, mahali penye matunda ya mwituni. Fahali alipotea, vijana wa Wajie wakafuata nyayo zake, wakamkuta Nayece, naye akawaonyesha nchi njema. Mwanzo wa taifa ni mwanamke aliyetangatanga pamoja na vijana waliokuwa wakitafuta mnyama aliyepotea. Hapa pia hakuna aliyeota ardhini kama uyoga.

Na Subukia yenyewe? Mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka nyanda za Naivasha na Nakuru hadi Laikipia, na ule wa 1911 ukawaondoa na huko. Walowezi wakaingia. Wakaletwa vibarua kutoka Murang'a, Nyeri, Kiambu, Baringo na kwingine, wakaishi kama maskwota kwenye mashamba waliyoyalima. Baada ya Uhuru yakaja mashamba ya makazi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, na familia zikashuka kwenye malori zikiwa na kuku, mabati na kitanda kimoja. Wazee walioshuka kwenye malori hayo wengine bado wapo. Kila mwaka maelfu ya mahujaji Wakatoliki wanapanda hadi kwenye madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria hapa kwetu, kutoka kila kona ya Kenya, na hatuoni ajabu kuwapokea. Bonde hili limejengwa na waliofika. Visasili vyetu vinasema vivyo hivyo, na mtoto anayevijua vya kwao na vya jirani ana ulinzi ambao hatuwezi kumnunulia dukani.

Ndiyo maana siridhiki nikisikia kwamba hivi ni vitabu vya watu maalumu. Kauli ya mwacha asili ni mtumwa tunaipenda sana, tunaiandika hata kwenye matatu. Lakini ipo namna ya kuishika asili inayomfanya mtu mtumwa zaidi, yaani kulishika jina na kuiacha hadithi.

Uanzie wapi

Wengine wataniambia kwamba kuruka kurasa ni kumvunjia mwandishi heshima. Sikubaliani. Mwandishi wa kisasili anajua kwamba hadithi yake ilikuwepo kabla yake na itasimuliwa vibaya baada yake. Ngũgĩ mwenyewe hakuinakili ile ya Kenyatta, aliigeuza. Aliwaongeza wachumba tisini, akawapeleka mabinti kwenye mapambano na mazimwi badala ya kuwaacha wakisubiri nyumbani. Mtu aliyejipa uhuru huo hawezi kumnyima msomaji wake uhuru wa kuanza katikati.

Basi aliye na Kenda Mũiyũru nyumbani, akiona kinamwelemea, afungue anapotajwa Warigia kwa mara ya kwanza. Asome kwa sauti. Kikuyu chake kikimkwaza, achukue cha Kiingereza na asimulie kwa lugha ya jikoni kwake. Akifika penye jina asilolijua apite. Na kijana wa Tolkien aanze na Beren na Lúthien, sura ya wapenzi wawili waliokwenda kuiba kito kwenye taji la adui mkuu, halafu ndipo arudi kwenye ule wimbo wa uumbaji. Ataukuta ni mwepesi kuliko alivyouacha, kwa kuwa sasa anajua nini kilichokuja kuharibika. Warigia naye ana dada tisa. Hao hawahitaji kukaririwa, watajitambulisha njiani, mmoja mmoja, zimwi la kwanza likishatokea.